Zigizaga Mpaka Mlangoni Kwetu

Machi 3

Nimeolewa! Najua, wiki mbili zimepita na mtu mwingine angekuwa ameshazoea, lakini mimi nikiamka bado natazama kidole kwanza. Pete ipo? Ipo. Kisha nageuka upande wa pili. Mume yupo? Yupo, anakoroma. Hata huo mkoromo naupenda, unaanza juu unashuka pole pole kama mtu anayeteremsha mzigo asiuvunje. Nimeamua kuandika kila nitakapopata nafasi, maana furaha hii nikiiacha kifuani peke yake itanipasua.

Tunakaa chumba cha uani kwa mama mkwe, chini kabisa ya mteremko. Juu ndiko kuna lami, maduka, bomba la maji, zahanati, na jengo anakojenga mume wangu, maana yeye ni fundi mwashi. Kila kitu cha maana kiko juu. Chini tupo sisi na matope.

Zamani kulikuwa na njia moja tu, imenyooka kutoka lami mpaka kwetu kama ngazi iliyoegeshwa ukutani. Masika ya mwaka jana baba mkwe aliugua. Wanaume wanne walimbeba kwenye kiti. Waliteleza, wakainuka, wakateleza tena. Walipofika zahanati, muuguzi alikuwa na kazi ya kumfumba macho tu. Mume wangu (hakuwa wangu bado!) alipomaliza kuzika alichukua vigingi na kamba, akaanza kupima mteremko ule. Alishawishi mtaa mzima mpaka wakakubali kuchimba njia mpya. Ina kona sita. Inakwenda kulia, inakata, inarudi kushoto, inakata, hivyo hivyo mpaka mlangoni kwetu.

Nani hapa duniani ameolewa na mwanaume kama huyo?

Machi 5

Nachambua mchele huku nawaza neno moja. Mtaani njia ya mume wangu wanaiita Zigizaga, na mume wangu mwenyewe wanamwita Bwana Zigizaga, na wanalisema kwa kubinua midomo. Mimi nalipenda.

Kidato cha pili mwalimu wetu wa hesabu alilichora ubaoni. Akasema kona moja si zigizaga. Na mto nao si zigizaga, maana mto unapinda taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Zigizaga lazima ikate, na ikishakata upande huu ikate na ule, kona zinajibizana. Tangu hapo naliona kila mahali. Radi ni zigizaga. Mchezaji akiwapita mabeki watatu, mtangazaji hupiga kelele, zigizaga! Fundi cherehani hupiga mshono wa zigizaga ukingoni mwa kitambaa ili nyuzi zisifumuke. Mlevi anarudi kwake zigizaga. Na kuna watu maneno yao ni zigizaga: unamuuliza umekula, anakujibu mvua itanyesha.

Mama mkwe ni wa kundi hilo. Leo kauliza, "Chumvi ya kwenu huwa inatoka wapi?" Nikasema dukani, mama. Akasema, "Aa." Nusu saa baadaye, ndipo nikaelewa kwamba mboga yangu ilikuwa na chumvi nyingi.

Nilimwuliza mume wangu kwa nini hakuiacha njia imenyooka. Akasema, "Mlima ukiukabili uso kwa uso unakupiga kifua. Ukiuendea zigizaga, unafika juu wenyewe haujajua kama umepandwa." Nikambusu hapo hapo, mbele ya sufuria.

Machi 9

Mvua ya kwanza!

Masharti ni haya, niyaandike nisije nikasahau kwa nini namwombea dua mume wangu kila siku. Mwenyekiti wa mtaa alisema njia ya kona ipimwe na masika. Ikivumilia mpaka mvua ziishe, mtaa utachanga saruji, tuijengee mawe iwe ya kudumu. Ikibomoka, basi, tunarudi kwenye mteremko wa zamani, na kila aliyetoa kipande cha ardhi anakichukua chake. Mama mkwe alikatiwa bustani yake ya mboga kwenye kona ya nne. Hapiti hapo bila kusonya.

Sasa furaha ya leo. Asubuhi mpenzi wangu aliniambia, "King'ora cha kiwanda kikilia jioni, ndio natoka kazini, mimina chai. Usiifunike. Nitaikuta ya moto." Nikacheka, kona sita zile na mvua hii? King'ora kikalia, nikamimina, nikakaa mlangoni. Kutoka kwetu inaonekana kona ya chini kabisa tu, huko juu ni vichaka na majani marefu. Moshi wa chai ulikuwa bado unapanda alipochomoza! Anahema, matope mpaka magotini, anacheka kama mtoto aliyeiba sukari. Mwiba ulikuwa umenasa kwenye mkono wa shati, mrefu, mweupe, ncha nyeusi. Niliung'oa kwa meno. Nimeutia kwenye kopo langu la poda. Nitawaonyesha wajukuu zangu.

Mama mkwe alikuwa amesimama barazani, anatazama.

"Mumeo ana mabawa siku hizi," akasema.

"Ni mapenzi, mama."

"Mapenzi hayana mabawa. Yana miguu."

Wivu, jamani. Wivu mtupu.

Machi 12

Chai ilikuwa inafuka. Miiba miwili.

Machi 15

Wifi yangu amehamia hapa mpaka ajifungue, mume wake ni dereva wa masafa marefu. Atajifungua mwanzoni mwa Mei. Tumbo lake kubwa, ulimi wake mkubwa zaidi.

Leo nilikuwa naanika mashati ya mume wangu huku naimba. Akasema, "Wifi, unaanika au unaolewa tena?"

"Raha zangu, wifi."

"Hilo shati umelisugua mpaka linaomba msamaha. Kwetu hatufui hivyo."

"Kwenu mnafuaje?"

"Kwetu tunafua nguo. Hatuzipapasi."

Mama mkwe akacheka ndani, nilimsikia. Wanacheka pamoja, wanakula pamoja, wananong'ona pamoja, na nikiingia wanaanza kuzungumzia bei ya mafuta ya taa. Nimejifunza kuingia nikiwa natabasamu. Tabasamu langu linawaudhi kuliko neno lolote.

Machi 20

Kuna mtu anaihujumu njia!

Muuza mkaa, jirani yetu wa juu kidogo, alikuja asubuhi kifua mbele. Huyu hakuipenda Zigizaga toka siku ya kwanza, anasema inamzungusha na magunia yake kama mbuzi aliyefungwa kambani. Leo alikuja kwa furaha mbaya. Akasema, "Mwambie fundi njia yake inaoza. Kuna watu wanashuka moja kwa moja katikati ya kona. Maji yamepata mfereji."

Mume wangu alinieleza zamani jinsi hili linavyoua njia. Maji ni mvivu, yanapenda kunyooka. Mkiifuata njia na kona zake, maji yanazunguka nanyi, yanachoka. Mtu akikatisha vichakani mara moja, majani yanalala. Mara kumi, udongo unatoka. Mvua ikija inakuta imetengenezewa barabara yake, inashuka wima, inakula kona kwa chini. Ndiyo maana alipomaliza kuchimba alibeba matawi ya miiba kutoka machimbo ya mawe, akaziba kila mahali pa kukatisha. Miiba ya kule haioti huku kwetu. Aliibeba mgongoni, akarudi amechanwa kama aliyegombana na paka.

Na sasa, kwa maneno ya muuza mkaa, kuna mtu anayasogeza matawi yale pembeni. Nilipomwambia mume wangu, alijikuna shingo. "Watu bwana," akasema. Akanywa chai yake. Moyo wake ni mpole mno. Wangu si mpole.

Machi 26

Nimemwona.

Niliamka mapema kukinga maji ya mvua. Mama mkwe alikuwa anatoka vichakani upande wa kona ya nne, jembe begani, gauni limekunjwa mpaka magotini, matope tele. Mkononi anaburuta tawi la miiba.

"Shikamoo mama. Umetoka wapi?"

"Marahaba. Nimetoka kuzaliwa."

Akapita zake.

Bustani yake. Anaitaka bustani yake! Njia ikifa masika haya, kipande chake kinarudi. Nilikaa jikoni, huku yeye anaosha jembe nje kwa utulivu wa mtu anayeosha kijiko.

Sijamwambia mume wangu. Ningemwambiaje, mama yako mzazi anakuchimba?

Aprili 2

Mvua, mvua, mvua. Chai ya moto. Mpenzi wangu amenikumbatia akiwa ameloa, nikaloa na mimi. Hata mvua inatupenda.

Aprili 7

Ugomvi. Nauandika kama ulivyokuwa.

Mama mkwe alikuja jikoni nikiwa namimina chai, king'ora kilikuwa ndio kwanza kimenyamaza. Akatazama kikombe. Akasema, "Usiimimine mapema hivyo."

"Anaipenda ya moto."

"Ya vuguvugu haiui. Mwambie mumeo asikimbie."

"Kwa nini asikimbilie kwake? Wewe baba hakuwahi kukukimbilia?"

Nilijuta neno likiwa bado mdomoni. Uso wake haukubadilika. Akasema tu, "Baba yake alikuwa anatembea." Na akatoka.

Wifi akaniambia kutoka barazani, "Hapo umechoma, bibi harusi. Na hujui hata ulichochoma."

"Na yeye jembe lake linachoma nini kila alfajiri?"

Wifi akasema, "Muulize mwenyewe."

Simwulizi. Namhesabia tu. Nimekuwa mtu wa kuchungulia kwenye nyufa za mlango, mimi niliyeingia nyumba hii kwa vigelegele! Mume wangu akifika nasahau yote. Akilala nakumbuka yote.

Aprili 14

Zigizaga imevunjika.

Ilinyesha toka jana mchana bila kupumua. Leo asubuhi tulisikia mlio kama gari linamwaga kokoto, na matope yakaingia jikoni, yakazima moto, yakabeba sufuria zangu mbili za harusi mpaka kwenye uzio. Kona ya nne haipo. Pale palipokuwa na kona sasa ni korongo, mtu anaingia mpaka kiunoni. Vichaka vyote vya hapo vimeteremka, vimelala uani kwetu na mizizi juu.

Wifi alisimama mlangoni ameshika tumbo kwa mikono miwili, anatazama juu. 

Mume wangu alikaa juu ya tofali, kichwa mikononi. Nilimshika bega. Hakuinua uso.

Aprili 15

Nimefanya kitu leo, na sijui kama nina haki.

Mwenyekiti aliita mtaa barazani kwake. Walijaa, na kila mmoja alikuja na hasira yake. Muuza mkaa alianza.

"Niliwaambia! Njia ya mtu mwenye akili imenyooka. Hii ya kwenda kushoto, kulia, kushoto, ni ya mlevi. Turudi tulikotoka, na mimi nipewe kipande changu."

"Ulikotoka ndiko alikofia mzee wao," mwenyekiti akasema.

"Alikufa kwa ugonjwa! Njia haiui."

Watu wakaguna, lakini wengi waliitikia kwa vichwa. Mmoja anataka pa kujengea banda, mwingine anataka mti wake. Ardhi walizotoa kwa machozi sasa walikuwa wanazidai kwa meno. Nikamwona wifi kwenye benchi la nyuma, tumbo lile, anahesabu jambo kwa vidole na vidole havimtoshi. Nikawaza wanaume wanne na kiti.

Mwenyekiti akasema, "Njia hii haikuvunjwa na mvua peke yake. Nimekwenda kutazama. Kuna mtu alikuwa anakatisha kila siku, na miiba ilikuwa inasogezwa. Anayejua aseme."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasema moyoni, anajua kama ninavyojua, na hawezi kumtaja mama yake. Basi nitambebea mimi mzigo huu, si ndiye mkewe?

Nikasimama.

"Ni mama," nikasema. "Mama mkwe wangu. Nimemwona kwa macho yangu, alfajiri, zaidi ya mara moja. Ana jembe, anaburuta miiba. Anataka bustani yake."

Kelele zikalipuka. Muuza mkaa akapiga paja, "Nyumbani kwa fundi mwenyewe!" Mwanamke mmoja akaniita mwari asiyefundwa. Mwingine akamwita mama mkwe mchawi wa udongo. Mwenyekiti akanyoosha mkono.

"Mama, ni kweli ulikuwa pale na jembe?"

Mama mkwe alikaa wima, mikono mapajani. "Nilikuwa pale."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayempa nafasi mtu apite mlangoni kwanza. Mume wangu hakuinua macho kutoka kwenye viatu.

"Nilikuwa na jembe," mama akasema. "Mmesikia. Mengine mmalizie wenyewe, naona mnajua."

Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akashuka peke yake kwa njia ya zamani, katikati ya matope, na hakuna hata mmoja aliyempa mkono. Mimi nilisimama nikingoja kujisikia mshindi.

Aprili 16

Najua sasa.

Leo nilibaki uani nasafisha. Mume wangu alikwenda kazini mapema kuliko kawaida, hakuniaga. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa. Nilikuwa nang'oa matawi yaliyoshuka na matope nikachomwa kidole, damu ikatoka. Nikautazama mwiba. Mrefu, mweupe, ncha nyeusi.

Nilikwenda chumbani nikafungua kopo la poda. Nikaimwaga yote kitandani, miiba yangu ya mapenzi, ile niliyoing'oa kwa meno na kwa kucha na kwa mabusu, mashati yote, jioni zote. Ni ile ile. Ya machimbo. Haioti huku kwetu. Anayezunguka kona sita haigusi, imewekwa mahali pa kukatisha tu.

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka. Chai ya moto! Matope magotini! Mjinga gani huyu anayeandika humu toka Machi?

King'ora kilipolia sikumimina kitu. Alifika kwa kuchelewa, hatua kwa hatua, kwa mara ya kwanza amepita njia ya zamani kama watu wote. Alipoona miiba kitandani alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu.

"Ni wewe," nikasema.

"Mke wangu, kazi ilikuwa nyingi, na mvua..."

"Ni wewe?"

"Wapo wengine pia. Muuza mkaa alishawahi..."

"Sikukuuliza muuza mkaa."

"Ulisema unapenda nikifika chai ikiwa ya moto."

Hapo nilikaa chini. Ananirushia mimi! Kulia, kushoto, kulia. Nilimwona jinsi alivyo, mrefu, mchovu, mwenye mikono iliyopasuka kwa saruji, na mwenye woga. Sikuwa nimewahi kuuona woga wake. Ulikuwepo siku zote, nilikuwa nauita upole.

"Jana mama yako alikutazama," nikasema. "Alikuwa anakungoja useme. Mimi nimesimama nimemwaga sumu mbele ya watu, wewe unatazama viatu. Viatu vilikuwa vinasemaje?"

Alilia. Nilitaka kumkumbatia, nakiri, mikono ilikuwa imeshanyanyuka. Nikaishusha.

"Nenda kwa mwenyekiti. Usinipitie mimi, usimpitie mama. Nyooka."

"Mtaa utanila."

"Wataanza na wewe, watamalizia na mimi. Twende tukaliwe."

Aprili 17

Alisema. Barazani, mbele ya wote, kofia mkononi. "Aliyekuwa anakatisha ni mimi. Nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Nilikuwa nasogeza miiba asubuhi, naona nitairudisha jioni, jioni nasahau."

Walicheka mpaka baraza likatikisika. Hasira ningeweza kuivumilia, kicheko hapana. Muuza mkaa alijifuta machozi. "Bwana Zigizaga kumbe ni Bwana Mkato! Kisa bibi harusi! Jamani, tumepoteza njia kwa ajili ya kitanda!" Nilitamani korongo la kona ya nne lihamie chini ya miguu yangu. Kisha nikasimama na mimi, nikamwomba mama radhi mbele yao wote waliosikia ile sumu. Sauti ilinikatika njiani lakini ilifika.

Wifi ndiye aliyesema kuhusu jembe. "Mama alikuwa anafukia. Kila alfajiri anafukia mfereji wa mwanawe, anarudisha miiba. Mimi nilimwambia amseme. Akasema alishamsema mara mbili, akajibiwa sawa mama, sawa mama."

Muuza mkaa akasema hayo yote ni mambo ya familia, njia imekufa, ardhi zirudi. Watu wakaanza tena kuitikia kwa vichwa. Ndipo mama mkwe alipofungua mdomo.

"Kona iliyovunjika iko kwenye ardhi ya nani?"

"Yako, mama," mwenyekiti akasema.

"Mmenisikia nikiidai?"

"Lakini kila siku unasonya ukipita pale," muuza mkaa akasema.

"Nasonya kwa sababu nilikuwa na mboga nzuri. Bustani niliitoa mimi, hakuna aliyenilazimisha. Nilimwona mume wangu akianguka na kiti mara tatu kwenye hiyo njia yenu iliyonyooka. Binti yangu hatapanda hiyo." Akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Aliyebomoa atajenga. Bila msaada, bila malipo, mpaka iwe kona. Na kipande changu kikibaki njia, mwenye kudai chake aje anidai mimi kwanza."

Hakuna aliyemdai.

Wakati wa kushuka nilimfuata nyuma. Nikasema, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia usiimimine chai mapema."

"Ungeniambia waziwazi."

"Ungeniamini?"

Nikaendelea kushuka nyuma yake.

"Nyayo za mwanangu nazijua toka anatambaa," akasema. "Na usidhani nimekusamehe. Nimechoka tu."

Aprili 20

Anachimba toka alfajiri mpaka muda wa kazi, na akitoka kazini anachimba tena. Wapita njia wanamtupia maneno. Mimi nambebea mawe. Hatuongei sana.

Aprili 23

Mawe. Mvua. Maneno ya muuza mkaa.

Aprili 28

Mvua kubwa tena. Tulisimama wote wanne barazani tunatazama kona mpya. Maji yalifika, yakaigonga, yakasita, yakazunguka. Hakuna aliyeshangilia. Mama mkwe akasema, "Ukuta wa kushoto umepinda," akaingia ndani.

Mei 4

Uchungu wa wifi ulianza kabla ya adhuhuri, katikati ya manyunyu. Hatukutafuta kiti wala wanaume. Alipanda kwa miguu yake, mimi kulia, mama kushoto, na kwenye kila kona tukabadilishana.

Kona ya kwanza alinitukana mimi. Kona ya pili alimtukana mume wake na lori lake. Ya tatu alikaa kwenye jiwe, akasema haendi popote, mtoto azaliwe hapo hapo aitwe Jiwe. Mama akamwambia, "Inuka, hujafika hata nusu ya kulalamika." Ya nne aliushika ukuta mpya kwa mikono miwili, akapumua, maumivu yakapita. Akautazama ukuta. "Kweli umepinda," akasema, na tukacheka, wote watatu, kwa mara ya kwanza tukiwa pamoja.

Msichana. Kilio chake tulikisikia mpaka nje ya zahanati. Mama mkwe aligeukia ukuta, mabega yakamtikisika. Nilimwachia nafasi. Nimeanza kumjua.

Mei 11

Mvua zimekatika. Mwenyekiti amepita na kopo la mchango wa saruji. Muuza mkaa alitoa mwisho, tena kwa kusonya, lakini alitoa.

Vichaka vilivyoteremka na matope havijaota tena, kwa hiyo sasa nikikaa mlangoni naona mteremko wote mpaka lami. Jioni hii king'ora kililia, nikamimina chai. Sijui kwa nini, mkono umezoea. Nikamwona akitokea juu, mdogo kama mbegu, shati la buluu. Akaenda kulia, akakata. Akaenda kushoto, akakata. Kwenye njia ya mkato hakugeuza hata shingo. Kwenye kona ya nne alisimama, akasukuma jiwe moja kwa mguu, akaendelea. Alikuwa ananiona, najua, maana alipunga mkono kila alipogeukia upande wetu. Akirudi kwangu ananipa kisogo kwanza, halafu uso, halafu kisogo, halafu uso. Ee, moyo wangu. Nilidhani umeshakoma kuruka hivi.

Mama mkwe alitoka barazani na mjukuu begani. Akatazama mteremko, akatazama kikombe.

"Chai itapoa, bibi harusi."

"Najua, mama."

"Basi ifunike. Au kufunika nako hamkufundishwa shuleni?"

Nikachukua kisahani nikaifunika.